Je, utafiti wa sayansi unaolipiwa na serikali unarudisha gharama? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mifano mingi hapa ni ya kilimo na mifugo Afrika Mashariki. Huko ndiko hesabu za faida ya utafiti zimefanywa kwa muda mrefu, na huko ndiko mtu anaweza kwenda shambani akaona kama kitu kilichohesabiwa kipo.

Jibu fupi ni lipi: unalipa au haulipi?

Kwa jumla unalipa, tena vizuri. Ila jumla hiyo hubebwa na miradi michache iliyofanikiwa mno, huku mingi ikiishia kwenye makabati ya taasisi. Pia faida haiendi pale watu wanapoitafuta. Sehemu kubwa inaishia kwa mlaji anayenunua chakula kwa bei nafuu na kwa mkulima aliyewahi kupata mbegu kabla ya wenzake. Wakati mwingine inaishia katika nchi nyingine kabisa. Anayeuliza "Hazina imerudishiwa shilingi ngapi?" anauliza jambo tofauti, na jibu lake kwa kawaida ni kwamba Hazina imepata pungufu ya ilichotoa, hata pale taifa zima lilipofaidika.

Ile "asilimia 700" inayotajwa mikutanoni ilitoka wapi?

Ilitoka kwa mchumi Zvi Griliches, aliyechapisha mwaka 1958 hesabu za utafiti wa mahindi chotara Marekani. Alichukua matumizi yote ya utafiti, ya umma na ya kampuni, akayakuza kwa riba hadi 1955, kisha akayalinganisha na faida ya kila mwaka. Kila dola 1 iliyorundikwa hivyo ilikuwa ikizaa dola 7 kwa mwaka. Hiyo ndiyo asilimia 700. Kwa kipimo ambacho leo kingetumika kulinganisha na riba ya benki, kazi hiyohiyo ilizaa kati ya asilimia 35 na 40 kwa mwaka. Ni nzuri sana, lakini si 700. Na mahindi chotara yalichaguliwa kwa sababu yalikuwa yameshafaulu. Ukipima kisima kilichotoa maji peke yake, visima vikavu haviingii kwenye hesabu.

Baadaye watafiti walikusanya tafiti zote walizozipata. Mkusanyiko wa mwaka 2000 ulikuwa na tafiti 292 za utafiti wa kilimo, na makadirio yake ya katikati yalikuwa karibu asilimia 44 kwa mwaka. Mwaka 2014 Hurley, Rao na Pardey walirudia hesabu kwa mkusanyiko mkubwa zaidi, na kiwango cha katikati kikashuka kutoka asilimia 39 hadi 9.8. Data zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni kanuni. Kipimo cha zamani kinachukulia kwamba kila faida inayopatikana inawekezwa tena kwa kiwango kilekile kikubwa. Jaribu mwenyewe: shilingi 1,000 zikikua kwa asilimia 40 kila mwaka kwa miaka 50 zinakuwa zaidi ya shilingi bilioni 20. Hakuna uchumi wa namna hiyo. Asilimia 9.8 inaaminika zaidi, na bado inashinda miradi mingi ya umma.

Mnahesabuje, hatua kwa hatua?

Tuchukue mfano wa kutunga, wa mbegu moja ya mahindi. Tarakimu ni zetu, mpangilio ndio wa kweli.

Kwanza gharama: shilingi bilioni 1 kwa mwaka kwa miaka 10. Hapo ni mishahara, mashamba ya majaribio, maabara, na sehemu ya mbegu zilizoshindwa njiani. Hizo zilizoshindwa lazima ziingie. Kuzitoa ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kupamba ripoti.

Pili faida ya hekta moja. Mbegu mpya inaongeza kilo 300 kwenye shamba la mkulima (si shamba la kituo), bei ya shambani ni shilingi 500 kwa kilo, hivyo 150,000. Toa gharama za ziada za mbegu, mbolea na vibarua, tuseme 60,000. Inabaki 90,000.

Tatu upokeaji. Mbegu inaidhinishwa, miaka miwili inapita kuizalisha, wakulima wanaanza mwaka wa 13: asilimia 10 ya hekta 100,000, kisha 25, 45, 70, halafu hekta zote kuanzia mwaka wa 17 hadi wa 24, mbegu inapozeeka na kuachwa. Mwaka wa kilele unatoa shilingi bilioni 9.

Ukijumlisha tu bila kujali muda, faida ni bilioni 85.5 dhidi ya bilioni 10, yaani mara 8.5. Waandishi wa habari wataandika hiyo. Sasa rudisha kila kitu kwenye thamani ya mwaka wa mwanzo kwa kiwango cha punguzo cha asilimia 10 (yaani fedha ya baadaye inapunguzwa thamani kwa kila mwaka wa kuisubiri): gharama ni bilioni 6.1, faida ni bilioni 13.6, uwiano wa faida kwa gharama ni 2.2. Riba inayolingana na mradi huu ni karibu asilimia 16 kwa mwaka. Kwa hiyo mradi mmoja unaweza kutajwa kwa 8.5, 2.2 au 16, na kila anayetaja ana hesabu yake mkononi.

Ni kitu gani kinachotikisa matokeo zaidi?

Endelea na mfano huohuo.

Mbegu ikichelewa miaka mitatu kwa sababu ya vibali au uhaba wa mbegu za msingi (zile za kwanza zinazozalisha mbegu za kuuza), uwiano unashuka kutoka 2.2 hadi 1.7. Ikiishia kwenye hekta 40,000 badala ya 100,000, unashuka hadi 0.9, hasara, ingawa sayansi ni ileile na mbegu ni ileile.

Ongezeko la mavuno ndilo hatari zaidi. Likiwa kilo 150 badala ya 300, watu hudhani faida inapungua nusu. Sivyo. Gharama za ziada za 60,000 zinabaki palepale, kwa hiyo faida ya hekta inashuka kutoka 90,000 hadi 15,000, moja ya sita, na uwiano unakuwa chini ya 0.4. Hii ndiyo sababu tarakimu za kituo cha utafiti, ambako mashimo yamepimwa, palizi haikuchelewa na mbolea ilifika, haziwezi kuingizwa moja kwa moja kwenye hesabu ya nchi. Ukiona ripoti imetumia mavuno ya kituo bila kuyapunguza, iweke pembeni.

Jambo jingine husahaulika: shilingi ya kodi ina gharama kubwa kuliko shilingi moja, kwa kuwa kodi yenyewe inapunguza biashara. Mwongozo wa serikali ya Marekani wa 1992 kuhusu tathmini za miradi ya umma ulitaka gharama ziongezwe asilimia 25 kwa sababu hiyo. Ukiongeza hivyo kwenye mfano wetu, 2.2 inakuwa 1.8.

Kwa nini Hazina haioni hizo fedha?

Kwa sababu mkulima mdogo halipi kodi ya mapato juu ya magunia yake ya ziada, na mlaji aliyeokoa shilingi 200 kwenye kilo ya unga hatozwi kodi juu ya nafuu hiyo. Tuseme Hazina inakamata asilimia 15 ya faida yote kupitia kodi za bidhaa na ushuru wa mazao. Katika mfano wetu ni bilioni 2, wakati ilitoa bilioni 6.1. Nchi imepata, mfuko wa serikali umepungua. Taasisi inayoambiwa "jitegemeeni kwa mapato yenu" inalazimishwa kuacha utafiti wenye faida pana na kukimbilia kupima udongo kwa ada na kukodisha kumbi.

Kuna la kushangaza pia upande wa bei. Mavuno yakipanda nchi nzima, bei inashuka. Wakulima wa kwanza hunufaika, wa mwisho huzalisha zaidi na kupata fedha ileile, na wasioipata kabisa mbegu hiyo huumia. Kwa zao la kuuza nje ambalo nchi ni muuzaji mdogo bei haitikisiki, kwa hiyo faida inabaki kwa mkulima.

Kuna mfano ambao hata mwenye shaka anaukubali?

Mihogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mdudu mweupe kama unga, kidung'ata wa mihogo, alionekana Kongo akitokea Amerika ya Kusini, na kuanzia hapo akaenea ukanda wote wa mihogo Afrika. Jike huzaa bila dume, kwa hiyo mmoja aliyejificha kwenye kipandikizi anatosha kuanzisha mlipuko. Dawa za kupulizia hazikuwa na maana kwa zao la maskini.

Watafiti wa umma walikwenda kutafuta adui wake kwao. Mwaka 1981 alipatikana Paraguay nyigu mdogo, Anagyrus lopezi, anayetaga mayai ndani ya kidung'ata. Alipitishwa karantini, akazalishwa na IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha nchi za joto, na akaachiwa Nigeria mwaka huohuo. Kazi iliongozwa na Hans Herren, aliyepewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Nyigu alisambaa katika nchi zaidi ya 20.

Hesabu ya mchumi Richard Norgaard ya 1988 ilipata faida mara 149 ya gharama. Nyingine ya 2001, ya nchi 27, iliweka gharama kwenye dola milioni 47 na kupata uwiano kuanzia karibu 200 hadi zaidi ya 700, kutegemea bei ya mihogo iliyotumika. Usishangazwe na pengo hilo, bei ya mihogo inayoliwa nyumbani ni ya kukadiria. Angalia badala yake kwa nini hata tarakimu ya chini ni kubwa: mkulima hakununua chochote, hakujifunza chochote, hakuhitaji mkopo wala afisa ugani. Nyigu aliruka mwenyewe. Ile hatua ya upokeaji inayoua miradi mingi haikuwepo.

Mwaka 2009 Thailand, iliyovamiwa na kidung'ata huyohuyo, ilichukua nyigu kutoka kituo cha IITA nchini Benin. Hesabu za 1988 na 2001 hazina faida hiyo ndani yake.

Mbona sotoka, iliyotokomezwa kabisa, ilipewa uwiano mdogo?

Chanjo iliyoiangamiza sotoka, ugonjwa wa virusi unaoua ng'ombe, ilitengenezwa Muguga, nje ya Nairobi, katika taasisi ya umma ya utafiti wa mifugo ya Afrika Mashariki. Walter Plowright na wenzake walikuza virusi vya aina ya Kabete O kwenye seli za figo za ndama, kizazi baada ya kizazi, hadi vikapoteza makali bila kupoteza uwezo wa kukinga. Plowright alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1999, na mwaka 2011 sotoka ikatangazwa kutokomezwa duniani, ugonjwa wa pili baada ya ndui. Kisa cha mwisho kujulikana kilikuwa cha nyati katika Hifadhi ya Meru, Kenya, mwaka 2001.

Tathmini ya kampeni ya Afrika yote, iliyochapishwa 1999 na kugusa nchi kumi, ilipata wastani wa faida mara 1.8 tu. Sababu ni kwamba kampeni haikulinganishwa na janga la miaka ya 1890, sotoka ilipoua sehemu kubwa ya ng'ombe wa Wamaasai na majirani zao, bali na hali ya kuendelea na uchanjaji mdogo wa kawaida. Gharama kubwa haikuwa chanjo yenyewe bali kumfikia ng'ombe: magari, mafuta, posho, barafu. Na faida ya kutochanja tena baada ya ugonjwa kutokomezwa haikuwemo.

Sotoka pia inafundisha jinsi faida inavyopotea. Kampeni ya kwanza, ya 1962 hadi 1976, iliushusha ugonjwa karibu na sifuri. Fedha zikakatwa, uchanjaji ukalegea huku mabaki ya virusi yakiwa bado yapo, na miaka ya 1980 ukarudi kwa kishindo. Chanjo ya Plowright ilihitaji ubaridi njia nzima, na ikishachanganywa na maji ya chumvi ilibidi itumike ndani ya saa chache. Mtafiti Jeffery Mariner alibadilisha namna ya kuikausha ikaweza kukaa takriban mwezi bila friji, ndipo wachanjaji wa jamii za wafugaji wakaweza kutembea nayo kwa miguu. Utafiti huo wa ukaushaji hauna mvuto wa kuandikwa magazetini, lakini bila huo maeneo ya mwisho yasingefikiwa.

Tutajuaje faida ilitokana na utafiti na si jambo jingine?

Hapa ndipo ripoti nyingi huanguka, na korosho za kusini mwa Tanzania ni darasa zuri.

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 hivi. Kufikia 1986/87 zilikuwa chini ya 17,000. Sababu zilikuwa tatu kwa wakati mmoja: watu walihamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei ya mkulima ilikuwa duni, na ubwiriunga, ukungu mweupe unaokausha maua, ukaingia. Kituo cha Naliendele, Mtwara, kilifanya kazi kwenye sababu ya tatu: salfa ya unga inayopulizwa kwa pampu ya mota, gramu 250 kwa mti kwa mpulizo mmoja, mara nne au tano kwa msimu kuanzia machipukizi yanapotoka, pamoja na kupunguza mikorosho iliyosongamana na kuchagua miti inayostahimili. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mavuno yalipita tani 120,000.

Je, tani zote hizo ni za Naliendele? Hapana, kwa sababu kuanzia msimu wa 1991/92 biashara ya korosho ilifunguliwa na bei ikapanda. Mkulima asingenunua salfa kwa bei ya zamani, na bei nzuri isingezaa korosho kwenye maua yaliyokauka. Ukisema yote ni ya utafiti umedanganya, na ukisema yote ni ya soko umedanganya vilevile. Njia inayokubalika ni kuchukua mashamba yaliyopulizwa na yasiyopulizwa katika kijiji kimoja, msimu mmoja, bei moja, na kuhesabu tofauti hiyo tu kuwa ya utafiti. Hata hivyo kuna kosa dogo linalobaki: wanaopuliza mara nyingi ndio wanaopalilia vizuri pia.

Gharama nayo ina mkia. Salfa inayodondoka chini mwaka baada ya mwaka inaongeza uchachu wa udongo. Hesabu ya miaka kumi haitaiona, ya miaka arobaini itaiona.

Je, utafiti unaweza kufaulu kisayansi na bado nchi isipate kitu?

Ndiyo. Mkonge. Kazi iliyoanzia Amani, kituo kilichofunguliwa na Wajerumani mwaka 1902 katika milima ya Usambara, na kuendelea Mlingano, Tanga, kwa fedha za serikali na za wakulima wa mkonge, ilizaa chotara namba 11648. Mkonge wa kawaida hutoa majani 200 hadi 250 maisha yake yote. Huu hutoa 600 na zaidi. Kama kuna tuzo ya uzalishaji wa mbegu, ingestahili.

Lakini mwaka 1964 Tanzania ilizalisha karibu tani 230,000 za nyuzi, kiwango ambacho hakijafikiwa tena, kwa kuwa kamba za plastiki ziliingia na bei ikaporomoka. Mashamba yakataifishwa, yakachoka, na mwishoni mwa karne uzalishaji ulikuwa karibu moja ya kumi ya kilele. Leo 11648 ndiyo mbegu kuu ya mkonge nchini China. Faida ipo, ila haipo Tanga. Ukiipima kwa mipaka ya Tanzania ni hafifu, ukiipima kwa dunia ni nzuri, na tathmini yenye adabu inatoa tarakimu zote mbili.

Kwa nini kampuni binafsi zisiachiwe kazi hii?

Nyingine zinaifanya, na pale zinapoifanya serikali isijipenyeze. Kipimo ni kama anayegundua anaweza kutoza. Mahindi chotara yanapoteza nguvu ukipanda tena punje zake, kwa hiyo mkulima anarudi dukani kila msimu, na kampuni inapata. Kipandikizi cha muhogo anapewa jirani bure. Ndiyo maana maduka ya pembejeo yamejaa mahindi na hakuna anayeuza mihogo kwa wingi. Hoja hii iliandikwa na wachumi Richard Nelson mwaka 1959 na Kenneth Arrow mwaka 1962, na bado haijapata mshindani wa maana.

Hata kwenye mahindi mwanzo ulikuwa wa umma: chotara H611 ya Kenya, iliyotolewa 1964, ilipatikana Kitale kwa kuzalisha mahindi ya huko na aina ya Ecuador 573. Kampuni ya mbegu ilikuja kuzalisha na kuuza kilichokwisha kupatikana.

Fedha za serikali hazifukuzi fedha za kampuni?

Ushahidi haukubaliani wote, ila unaegemea upande mmoja. Wachumi Moretti, Steinwender na Van Reenen walipata kwamba serikali za nchi tajiri zikiongeza fedha za utafiti wa kampuni kwa asilimia 10, kampuni nazo huongeza zao kwa asilimia 5 hadi 6. Kwa upande mwingine, ripoti ya 2003 ya OECD, shirika la nchi tajiri, haikuona uhusiano wa wazi kati ya utafiti wa umma na ukuaji, na wanaopinga ruzuku huitaja sana. Ukiangalia nchi nzima kwa miaka michache ni vigumu kuona kitu kinachochukua miaka 20 kukomaa, kwa hiyo matokeo hayo hatuyapi uzito mkubwa.

Onyo la mchumi Austan Goolsbee la 1998 tunalipa uzito zaidi. Serikali ikiongeza fedha ghafla wakati wanasayansi ni walewale, sehemu kubwa inakwenda kupandisha mishahara na si kuongeza utafiti. Nchi inayotaka kuongeza bajeti mara mbili ianze na vyuo, miaka mitano mapema.

Nchi isiyo na fedha ina haja gani na utafiti wa msingi?

Kidogo, lakini si sifuri. Mbung'o walitokomezwa Unguja kati ya 1994 na 1997 kwa kuachia madume waliohasiwa kwa mionzi, waliofugwa Tanga na kumwagwa kwa ndege kila wiki, zaidi ya milioni 8 kwa jumla. Wazo lilitoka kwa watafiti wa serikali ya Marekani waliosoma namna inzi wa funza wa mifugo anavyojamiiana, na lilithibitishwa kisiwani Curaçao mwaka 1954. Zanzibar haikulipia ugunduzi huo. Ililipia, pamoja na Tanzania Bara na shirika la kimataifa la nishati ya atomiki, kuutumia. Ili kuutumia ilibidi wawepo watu wanaoelewa baiolojia ya mbung'o wa pale, na watu hao hawaagizwi kwa mkataba wa miezi sita.

Unguja ni kisiwa, na hilo ndilo lililofanya kazi idumu. Bara, eneo lililosafishwa huvamiwa tena kutoka pori la jirani, na hesabu inageuka.

Vipi kuhusu utafiti usioongeza chochote, ule wa kuzuia tu hasara?

Huo ndio unaodharauliwa zaidi. Mwaka 1998 aina mpya ya kutu ya shina la ngano, Ug99, ilionekana Uganda ikishambulia ngano ambazo dunia ilizitegemea. Kituo cha Njoro, Kenya, kikawa mahali pa kupimia ngano kutoka nchi nyingi, kwa kuwa kutu ipo hapo kwa asili. Mwaka 2011 ugonjwa wa virusi unaokausha mahindi yakiwa bado mabichi ulionekana Bomet. Watafiti wakifanikiwa, mavuno yanabaki palepale, na mkaguzi anauliza ongezeko liko wapi. Ulinganisho sahihi ni mstari unaoshuka: mavuno yangekuwa kiasi gani bila mbegu mpya. Ripoti nyingi huweka mstari ulionyooka, na hivyo hupunja utafiti wa namna hii.

Ile hesabu kwamba ramani ya jeni za binadamu ilirudisha dola 141 kwa kila dola 1 ni kweli?

Tunaitumia kufundishia makosa. Ripoti ya 2011 ya Battelle, shirika la utafiti la Marekani, ilichukua gharama ya umma ya dola bilioni 3.8, sawa na 5.6 hivi kwa thamani ya 2010, ikalinganisha na dola bilioni 796 za shughuli za kiuchumi. Lakini shughuli si faida: mshahara wa fundi maabara ulihesabiwa kuwa pato, wakati ni gharama pia. Mauzo yalijumlishwa pamoja na mizunguko yake kwa wauzaji wa jumla na rejareja. Na ilichukuliwa kana kwamba bila mradi huo tasnia nzima isingekuwepo, ingawa kampuni binafsi ilikuwa ikishindana kusoma jeni hizohizo. Ripoti ililipiwa na taasisi ya kampuni inayouza mashine za jeni. Mradi huenda ulilipa vizuri mno, ila 141 haituambii hivyo.

Nchi itenge kiasi gani?

Umoja wa Afrika uliweka lengo la asilimia 1 ya pato la taifa. Sheria ya sayansi ya Kenya ya 2013 inataka asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye mfuko wa taifa wa utafiti, na bajeti hazijawahi kuikaribia. Kwetu asilimia si swali zuri la kwanza. Swali zuri ni kiasi gani kinabaki baada ya mishahara. Mtafiti anayelipwa lakini hana mafuta ya gari, mbolea ya majaribio wala vitendanishi ni gharama isiyo na upande wa pili, na taasisi nyingi za ukanda huu ziko hapo, zikisubiri mfadhili ndiye achague nini kichunguzwe.

Kwa kawaida fedha hupotelea wapi?

Kwenye kalenda, kwanza. Fedha za majaribio zikitolewa Januari wakati mvua za vuli zilianza Oktoba, mwaka mzima umekwenda na mishahara imelipwa. Hilo likitokea mara tatu katika mradi wa miaka kumi, umeshaona juu kuchelewa miaka mitatu kunafanya nini kwenye uwiano.

Kisha kwenye mbegu za msingi. Mtafiti anamaliza na mfuko wa kilo 20. Hekta 100,000 za mahindi, kwa kilo 25 za mbegu kwa hekta, zinataka tani 2,500. Kati ya kilo 20 na tani 2,500 kuna misimu kadhaa ya kuzalisha, ukaguzi, maghala na mtaji, na mara nyingi hakuna mwenye bajeti ya sehemu hiyo. Wizara inadhani ni kazi ya taasisi, taasisi inadhani ni kazi ya kampuni, kampuni inasubiri kuona kama wakulima wanaitaka. Kahawa ya Ruiru 11 ya Kenya, iliyotolewa 1985 ikiwa na kinga dhidi ya chulebuni (ugonjwa wa matunda ya kahawa) na kutu ya majani, ilikwama hapohapo kwa miaka: kila mbegu ilitaka maua yachavushwe kwa mkono.

Nikiletewa ripoti inayodai utafiti ulilipa mara kadhaa, nianzie ukurasa gani?

Nenda kwenye kiambatisho chenye asilimia za upokeaji mwaka kwa mwaka. Kama hakipo, hesabu haikufanywa, ilikadiriwa. Kikiwepo, tazama kama asilimia zilitokana na sensa au sampuli ya kaya, au ni maoni ya maafisa. Kisha tafuta sentensi inayosema ingekuwaje bila mradi, kiwango cha punguzo kilichotumika, na kama miradi iliyoshindwa ya taasisi hiyo imo kwenye gharama. Mavuno ya mkulima yasomwe pembeni ya mavuno ya kituo. Mwisho angalia nani aliilipia ripoti, na kama tarakimu kubwa iliyo kwenye jalada ndiyo ileile iliyo kwenye jedwali la ndani.